Kabla ya Kugusa Injini

Vijana wenye pikipiki za mbio huniuliza swali lile lile kila tunapokutana: niongeze nini ili ichomoke zaidi? Anayeuliza huwa keshajijibu moyoni. Anataka nimtajie ekzosti, au fundi wa kuchezea kompyuta ya injini, au filta ya hewa yenye jina kubwa. Mimi namuuliza matairi yake ni ya mwaka gani. Hapo anakaa kimya. Bei ya leva za rangi alizoagiza Dubai anaijua mpaka senti ya mwisho, lakini hajawahi kuchuchumaa akasoma ubavu wa tairi.

Makala hii ni yake, na ya yeyote mwenye ugonjwa huu wa mbio na wa kuundaunda pikipiki. Sitamwambia aache. Ninao ugonjwa huo tangu ujana, na hata sasa mvi zimeingia, bado kuna usiku nalala nikipiga hesabu za meno ya sproketi. Ninachotaka kumwambia ni kwamba pesa na muda vina mahali pa kuanzia. Vianzie chini, pale mpira unapogusa lami. Kutoka hapo vipande kwenye breki, springi na mkao, vimfikie mwendeshaji mwenyewe, na injini ije mwisho. Anayeanza na injini hujikuta ana chombo kinachomfurahisha kwenye njia iliyonyooka na kumtia hofu kila penye kona. Njia iliyonyooka haihitaji ustadi wowote, unapinda mkono tu.

Asidhani huu ni woga wa uzee. Mwaka 1992 Honda walitoa CBR900RR, ile iliyokuja kujulikana kama Fireblade, kazi iliyoongozwa na mhandisi Tadao Baba. Injini yake ilikuwa ya cc 893, wakati mpinzani wake mkubwa, Yamaha FZR1000, alikuwa na cc zaidi ya 1000. Ukisoma namba za injini peke yake ungesema Honda wamepungukiwa. Ila Baba alikuwa ameukazia macho mzani. Pikipiki yake ilikuwa na kilo 185 bila mafuta wala vimiminika vingine, sawasawa na ile ya Honda ya cc 600, na ilimwacha yule Yamaha kwa kilo zaidi ya 20. Ilichelewa kufunga breki, ikaingia kona mapema, na wenye injini kubwa wakawa wanasoma namba zake kwa nyuma. Baada ya hapo viwanda vyote vya Japani vilianza kuhesabu gramu. Wewe pia unaweza kuhesabu gramu, na nyingine hazina gharama: toa kisanduku cha nyuma, toa vyuma vya kumshikia abiria usiyembeba, na kama kitambi kimeanza kuota, kianzie hicho.

Turudi kwenye tairi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata maandishi mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki kubwa nyingi zinazofika kwetu ni mtumba. Ilikaa kwenye gereji ya mtu huko ilikotoka, ikakaa bandarini, ikakaa melini, kisha ikaanikwa kwenye yadi jua la Dar es Salaam likiipiga mchana kutwa. Mnunuzi anatazama meno ya tairi, anayaona marefu, anafurahi kwamba ameokoa hela. Hajui kwamba mpira umeshakauka. Chuchumaa. Bonyeza ukucha kwenye mpira karibu na ukingo: tairi zima hukubali kidogo na kubaki na alama kwa muda, lililokauka linakataa kama kwato. Tandaza mwanga wa simu kwa ubavu, utaona nyufa nyembamba kwenye mizizi ya meno. Msimamo wangu ni kwamba tairi lililopita miaka mitano haliendi uwanjani, hata kama halijawahi kutembea. Na kama muuzaji amepaka ule mng'aro mweusi wa kupendezesha matairi, osha kwa sabuni kabla hujalipanda. Mng'aro huo ni mafuta, na ukisambaa hadi pale unapolalia kona, utakwenda chini hata kwa mwendo wa kumfuata bajaji.

Kuna mtindo wa kufunga tairi pana la nyuma ili pikipiki ionekane ya kibabe. Achana nao. Pikipiki nyingi za mbio hutumia 120/70 ZR17 mbele, na nyuma 180/55 au 190/55 kulingana na upana wa rimu. Tairi pana kuliko rimu hubanwa pembeni, mgongo wake unachongoka, na pikipiki iliyokuwa ikiingia kona kwa wepesi inaanza kukataa katikati. Hiyo Z nayo haikuwekwa kwa urembo. Inasema tairi limejengwa kwa mwendo unaozidi kilomita 240 kwa saa. Tairi la bodaboda lililolazimishwa kuingia kwenye rimu ya cc 600 nimeliona kwa macho yangu, na mwenye nalo alikuwa akijisifu kwamba limemgharimu robo ya bei.

Upepo upime mwenyewe, kwa geji yako, asubuhi kabla tairi halijapata moto. Geji za vituoni zimeangushwa mara nyingi mno kuaminiwa. Kwa barabara ya kawaida, kitabu cha pikipiki za aina hii mara nyingi husema psi 36 mbele na 42 nyuma. Uwanjani watu hushusha, kwa kuwa kule tairi hupata moto mkali na upepo ukapanda wenyewe ndani. Ushushe kiasi gani, hilo ni la kumuuliza aliyetengeneza tairi hilo, maana kila aina ina lake. Ila usichukue upepo wa uwanjani ukauleta barabara ya Morogoro. Shimo moja, rimu imepinda.

Kwenye breki, mshangao wa wengi ni kwamba breki mpya hawazihitaji, wanahitaji zile zile zisafishwe. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, na sisi tunaokaa pwani hewa yetu imejaa maji na chumvi. Unyevu huo hushusha kiwango cha kuchemka. Kwenye kona ya kwanza na ya pili leva iko imara, kwenye ya sita mafuta yanachemka, mapovu yanaingia, na leva inakuja mpaka kwenye vidole. Fungua kifuniko uangalie: yakiwa ya rangi ya asali changa, vizuri. Yakifanana na chai ya rangi, mwaga. Hata yakionekana safi, badilisha kila baada ya miaka miwili. Usitie DOT 5, hiyo ni ya silikoni na haikubaliani na mfumo wako. Kisha toa kalipa, osha pistoni zake kwa mswaki wa zamani na mafuta ya breki, uone jinsi zitakavyorudi kuteleza. Ukibaki na pesa, weka hosi zilizosukwa kwa waya wa chuma badala ya zile za mpira zinazovimba unapobana. Hapo utadhani umenunua pikipiki nyingine.

Springi ndizo zinazoogopwa kuliko zote, na sielewi kwa nini, maana kazi yake ya kwanza inahitaji utepe wa fundi cherehani, marafiki wawili na saa moja. Pikipiki imetengenezewa mtu wa wastani ambaye hayupo. Wewe una kilo 62 au 95, na mkoba wa mgongoni. Anza na nyuma. Nyanyua mkia mpaka gurudumu lining'inie kabisa, pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu mpaka alama uliyobandika kwenye mkia, andika. Sasa ishushe, vaa kila kitu unachovaa ukiendesha, helmeti ikiwemo, panda ukae mkao wa kuendesha miguu ikiwa juu. Rafiki mmoja aishike mbele isianguke. Mwingine akandamize mkia taratibu, auachie, apime tena sehemu ile ile. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi unachozama. Kwa pikipiki ya mbio ya barabarani, milimita 30 hadi 40 ni mahali pazuri pa kuanzia, na uwanjani wengi hupunguza kidogo. Ukizama zaidi, kaza kola ya springi. Ukizama pungufu, legeza. Ikiwa umekaza mpaka mwisho na bado unazama, springi ni laini kwako, inunuliwe ya uzito wako, na hapo utakuwa umetumia pesa kwa akili kuliko aliyenunua ekzosti ya titani.

Zile skrubu ndogo za juu na chini ya shokapu, zinazodhibiti kasi ya kuzama na ya kurudi, usiziguse kabla hujafanya jambo moja. Funga kila skrubu kulia mpaka mwisho taratibu ukihesabu mibofyo, andika namba hiyo kwenye daftari, halafu irudishe ilipokuwa. Sasa hata ukiharibu unajua njia ya kurudi nyumbani. Badili kitu kimoja, endesha njia ile ile, andika ulichohisi, ndipo ubadili kingine. Anayebadili vitatu kwa pamoja hatajua kipi kimemsaidia na kipi kimemwangusha.

Mkao ni bure kabisa na ndio unaosahauliwa. Leva zinatoka kiwandani zimeelekezwa kwa mtu huyo huyo wa wastani. Keti, nyoosha mikono kuelekea mbele, leva ziwe kwenye mstari wa kigasha chako ili kifundo kisikunjike unapofunga breki. Bandika raba pembeni ya tangi ili magoti yapate pa kushika. Mikono iliyobeba uzito wa mwili haiwezi kuelekeza chochote. Watu wa umri wangu waongeze na hendeli zilizopandishwa kidogo. Vifundo vinavyouma huchelewesha breki, na hakuna atakayekupa zawadi kwa kuvumilia.

Ukitaka pikipiki iondoke kwa nguvu bila kugusa injini, kuna sproketi. Kupunguza jino moja mbele, tuseme kutoka 16 kwenda 15, kunabadili uwiano kwa karibu asilimia 7, na ni kazi ya mchana mmoja. Nyuma utahitaji kuongeza kama matatu, kutoka 43 kwenda 46, kupata kitu kile kile. Utapoteza kidogo mwisho wa kasi, kasi ambayo kwa barabara zetu hukuwa unaitumia. Kwenye pikipiki nyingi zinazopima mwendo kutoka kwenye gia boksi, spidomita itaanza kukuambia unakwenda zaidi ya ukweli. Cheni ipimwe upya, icheze milimita 25 hadi 35 au kama kitabu kinavyosema. Cheni iliyokazwa sana hula beringi na huifunga shokapu isifanye kazi.

Ekzosti nitaipita haraka. Kubadilisha kopo la mwisho hupunguza kilo chache, huleta nguvu kidogo isiyohisika, na huongeza kelele nyingi. Wenye kudai kelele huokoa maisha, mbona sijawaona wakivaa glavu. Ukibadili mfumo mzima, mchanganyiko wa mafuta na hewa utapungukiwa mafuta, na injini itakimbia na moto kupita kiasi, kwa hiyo kompyuta ipangwe upya kwenye mashine ya kupimia nguvu, na mtu anayejua. Kabla ya yote hayo pima kwanza kompresheni na nafasi za valvu. Nimeona injini iliyochoka ikifungiwa vitu vya mamilioni. Na jirani zako wana watoto wadogo. Mtaa usiamshwe na wewe kabla haujaamshwa na adhana.

Sasa mafundi. Tuna mafundi hodari. Anayefungua injini ya bodaboda chini ya mwembe na kuifunga kabla ya jua kuzama si mtu wa kudharauliwa. Tatizo ni kwamba mikono yake imezoea chuma, na pikipiki yako ni aluminiamu. Msikilize akifunga bolti ya kumwagia oili:

"Bosi, hii naikaza mpaka ikatae, haitavuja."

"Fundi wangu, ikikataa itakuwa imekata nyuzi. Chukua hii spana, ikilia tak, acha."

Spana hiyo ni spana ya toku, na ukiwa na mapenzi haya inapaswa kuwa chombo chako cha kwanza, kabla ya stika. Nati ya ekseli ya nyuma huhitaji nguvu nyingi, bolti ya oili huhitaji kidogo, na kitabu cha matengenezo kina namba ya kila moja. Kitabu hicho kipeleke gereji, kiweke mezani, piga picha kila hatua mnapofungua. Mlipe fundi vizuri, mpe na chakula, na usimharakishe. Fundi aliyeharakishwa husahau pini. Kwa pikipiki inayokwenda kwenye mashindano, bolti ya oili na ya filta hufungwa waya wa usalama ili hata ikilegea isitoke, na hilo si la kubishana: oili ikimwagika uwanjani wanaoanguka ni walio nyuma yako.

Injini bado hatujaigusa, na bado kuna mwendeshaji. Huyu ndiye kifaa kinachobadilika kwa bei ndogo kuliko vyote. Jambo moja litamshangaza anayelisikia kwa mara ya kwanza. Ukizidi mwendo wa kutembea, pikipiki huingia kona ya kulia kwa kusukuma hendeli ya kulia mbele, yaani kwa kuelekeza gurudumu kushoto kwa kitambo kidogo. Gurudumu linakwenda kushoto, mwili wa pikipiki unaangukia kulia, kona inaanza. Kila mwendeshaji anafanya hivyo hata asipojua, lakini asiyejua, siku gari likimkatia mbele, hujaribu kugeuza hendeli kama ya baiskeli ya watoto na kwenda moja kwa moja kwenye kile alichokuwa anakikimbia. Nenda Jumapili asubuhi kwenye yadi tupu, kwa ruhusa ya mwenye nayo. Kilomita 40 kwa saa zinatosha. Sukuma kulia kwa kiganja, uone inavyolala. Sukuma kushoto. Rudia mpaka mkono ufanye kabla kichwa hakijafikiri.

Hapo hapo yadini jifunze kufunga breki. Breki ya mbele inabeba kazi kubwa, lakini haitaki kunyakuliwa. Bana kidogo kwanza, uzito uje mbele, tairi libonyee kwenye lami, kisha ndipo uongeze. Anza na mwendo wa 40, nenda 60, pima kwa hatua umesimama wapi. Ukiongeza mwendo mara mbili, njia ya kusimamia huongezeka mara nne, na hiyo ni kabla ya kuhesabu muda wa kushtuka. Kwa kilomita 100 kwa saa unasafiri mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya kutazama simu ni urefu wa mabasi mawili ya mkoani yaliyofuatana, na salio.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ukali kidogo. Najua joto la Februari. Nguo ya ngozi inakupika. Basi nunua yenye vitundu, kunywa maji kabla kiu haijaja, toka alfajiri na saa tatu uwe umerudi. Helmeti iwe na alama ya ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye mkanda. Ya kubandikwa kwa gundi nyuma inaweza kubandikwa na yeyote. Ikishaanguka nawe imemaliza kazi, hata kama haina mkwaruzo. Glavu ziwe na kinga ya kiganja, maana kila anayeanguka hutanguliza mikono. Suruali ya jinzi haidumu kwenye lami, na muuguzi anayetoa kokoto kwenye paja la mtu kwa brashi atakuthibitishia.

Mbio zenyewe je? Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili asubuhi si uwanja wa mbio. Ina mbuzi, ina bodaboda bila taa, ina rasta na matuta, ina mchanga uliomwagwa na lori la jana. Watu hunitajia Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi ambako mbio hufanyika kwenye barabara za kawaida tangu 1907. Ni kweli. Mzunguko wa sasa ni kilomita 60 na kidogo, na unapita katikati ya vijiji. Lakini barabara hizo hufungwa, kila kona ina watu wa bendera, helikopta ya daktari inangoja, na hata hivyo zaidi ya watu 250 wamepoteza maisha kwenye mzunguko huo. Mwaka 1972, baada ya kifo cha Gilberto Parlotti, bingwa Giacomo Agostini alikataa kurudi, na baada ya 1976 mbio hizo zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ikiwa mtu mwenye mataji ya dunia 15 aliona barabara haifai, wewe na rafiki yako mnaotegeana kwenye taa za Mwenge mna hoja gani?

Sisi huku uwanja wa lami wa kiwango kikubwa ni tatizo, ila vumbi tunalo. Motokrosi ipo Kenya, ipo Uganda, ipo Tanzania, na ni shule bora kuliko watu wanavyodhani. Kenny Roberts, Mmarekani aliyechukua ubingwa wa dunia wa cc 500 mwaka 1978 katika msimu wake wa kwanza wa mbio hizo kwa ukamilifu, alikulia kwenye viwanja vya udongo. Valentino Rossi alijenga njia ya udongo kwao Tavullia, na vijana wake hufanyia mazoezi hapo mpaka leo. Kwenye udongo tairi huteleza kwa mwendo mdogo, unajifunza kutulia linapoteleza, na ukianguka unajipangusa. Jim Redman, aliyewapatia Honda mataji sita ya dunia kati ya 1962 na 1965, aliwahi kuwa fundi wa gereji kule Bulawayo. Umbali na viwanda haukumzuia.

Ukifika siku ya kutaka lami, Kyalami iko kati ya Johannesburg na Pretoria, na jamaa zetu walio Ghuba wana Dubai Autodrome, iliyofunguliwa 2004. Siku ya kwanza jiandikishe kundi la wanaoanza, hata kama mtaani unaitwa mfalme. Toa vioo, ziba taa kwa utepe, ondoa kipozea cha rangi kwenye rejeta uweke maji matupu, kwa sababu kile cha rangi kikimwagika huteleza kama sabuni na hakikauki. Mizunguko ya kwanza usimpite mtu. Angalia wapi wenzako wanaanza kufunga breki, angalia watu wa bendera, na kunywa maji kila mnaporudi. Wengi huanguka alasiri, wakiwa wamechoka na wamejiamini.

Anayeniambia kwamba hana vifaa namsimulia habari za Burt Munro. Mwaka 1920, huko New Zealand, kijana huyu alinunua Indian Scout mpya ya cc 600, iliyoweza kama kilomita 88 kwa saa. Hakuiuza mpaka uzeeni. Aliishi Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha kusini, mbali na kila kiwanda, akalala kwenye banda alimofanyia kazi. Pistoni alizimimina mwenyewe kwenye makopo ya zamani. Mikromita alijitengenezea kwa spoku ya gurudumu. Meno ya matairi aliyachonga kwa kisu ili yasirushwe na kasi. Kifaa cha injini kilipoharibika alikiweka kando na kutengeneza kingine. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka ile ile, sasa ikiwa na cc 950, kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1000 kwa wastani wa kilomita 295 kwa saa. Hesabu za rekodi hiyo zilikuja kugundulika zilikosewa kidogo, zikasahihishwa mwaka 2014, na namba ikapanda, sio kushuka.

Watu wanaposikia kisa hicho hushika pistoni za makopo. Mimi nashika ile miaka 47. Alikuwa na pikipiki moja, akaijua. Hakuuza kila baada ya miezi sita kufuata toleo jipya. Pia alianguka mara nyingi na kuumia vibaya, kwa hiyo simtoi kama mfano wa usalama. Namtoa kama mfano wa mtu aliyeandika kilichovunjika na kwa nini. Nawe uwe na daftari: tarehe, upepo, mibofyo, hali ya hewa, kilichobadilishwa, ulichohisi. Lipakae oili, likunjamane, lakini liwepo.

Na ukubwa wa kuanzia? Ulaya kijana mwenye leseni ya ngazi ya pili hubanwa asizidi kilowati 35, karibu nguvu farasi 47, na leseni isiyo na mipaka huipata baada ya miaka miwili au akifikisha miaka 24 moja kwa moja. Kwetu ukiwa na pesa unatoka kwenye skuta asubuhi na kupanda cc 1000 jioni. Usifanye hivyo kwa sababu tu hakuna wa kukukataza. Yamaha R3, KTM RC 390 na Ninja 400 zina kila unachohitaji kujifunza, matairi yake ni nafuu, na kumpita mwenye cc 1000 kwenye kona ukiwa juu ya mojawapo ni raha isiyosimulika.

Siku utakapoiuza, usiuze pikipiki tupu. Rudisha kioo, sproketi na kopo la ekzosti vya awali kwenye sanduku lao, ambatanisha kitabu na daftari lako. Mweleze mnunuzi springi zimepangwa kwa kilo zako, azipange upya kwa zake. Muulize kabla ya hii alikuwa akiendesha nini. Akijibu kwamba hii itakuwa ya kwanza, na kwamba ataizoea tu mbele kwa mbele, mwambie samahani ndugu yangu, imeshalipiwa.